Kabila la Mtu wa Ujiji

Mtu wa Ujiji ukimuuliza kabila lake, jiandae kusikiliza. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mmanyema kwa watu wa serikali, Mbwari kwa wazee wa mtaani, na siku akigombana na mawifi zake alikuwa Muha kwa upande wa mama yake. Majibu yote matatu yalikuwa ya kweli. Mji ule ulikuzwa na watu waliovuka ziwa kutoka Kongo: wafanyabiashara, wapagazi, na wengine walioletwa kwa minyororo, wakawakuta Wajiji na Waha wanavua na kulima. Wakaoana. Manyema yenyewe ni jina la nchi iliyoko ng'ambo ya magharibi. Huku kwetu likageuka kabila.

Bibi aliugua sukari kwa miaka mingi, kisha kifua kikuu kikamkuta akiwa mzee. Wakati wa kukohoa kwake tulikuwa tukilala naye chumba kimoja, mimi, mjomba na binamu wawili. Kwa miezi alipewa dawa za kikohozi cha kawaida kabla mtu hajafikiria kumpima makohozi. Alifariki mwaka 2009.

Nasoma historia, wala si udaktari. Lakini katika kutafuta maandiko ya tasnifu yangu ya uzamili nilikutana na tafiti za Ulaya na Marekani zinazolinganisha sukari na kifua kikuu kilicholala kwa kufuata asili za watu. Majedwali yake yana visanduku: Mweupe, Mweusi, Mwasia, Mlatino. Nikawa najiuliza bibi angeingia kisanduku gani, na kisanduku hicho kingetuambia nini kuhusu mapafu yake.

Kifua kikuu kilicholala ni hivi: umevuta vijidudu, mwili umevizingira, huumwi na huambukizi mtu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu robo ya watu wote duniani wako hivyo. Wengi watakufa uzeeni kwa jambo lingine kabisa. Kati ya 5 na 10 katika kila 100 ndio wataugua. Sukari ikizidi kwenye damu, seli nyeupe zinazolinda ule uzio hudhoofika, na hatari ya kuugua huongezeka karibu mara tatu. Uhusiano wa sukari na maambukizi yenyewe, yale yaliyolala, ni mdogo zaidi. Kwa maneno mengine, sukari haimfungulii mgeni mlango kwa kiasi hicho. Inamwamsha aliyekwisha ingia. Kuingia kwake kunategemea ulilala na nani, chumba kilikuwa na dirisha au la, na ulifanya kazi gani.

Wakoloni waliuliza swali la kabila kwa bidii sana. Kituo cha kifua kikuu cha Kibong'oto, Kilimanjaro, kilianza mwaka 1926. Miaka ya 1930 serikali ya Tanganyika ilikuwa na mtafiti maalumu wa ugonjwa huu, Charles Wilcocks, ambaye ripoti yake ilichapwa Dar es Salaam mwaka 1938. Wakati huo nadharia iliyotawala miongoni mwa madaktari wa Kizungu ilikuwa kwamba Mwafrika ni udongo ambao haujawahi kulimwa: ugonjwa ni mgeni kwake, damu yake haijauzoea, ndiyo maana unamuua haraka. Ilikuwa nadharia iliyowafaa sana waajiri. Kosa likiwa kwenye damu, nani ataulizwa habari za mabweni?

Na Kigoma ilikuwa na habari nyingi za mabweni. Baada ya reli kufika mwaka 1914, mkoa huu uligeuzwa ghala la vibarua. Waha walipanda treni kwenda kukata mkonge, na kuanzia mwaka 1944 wakala wa wenye mashamba, tuliyemjua kwa jina la Silabu, aliwaandikisha kwa maelfu. Waliitwa manamba, kwa sababu ya namba walizopewa. Walilala kwa kubanana, wakala kidogo, na wengi walirudi nyumbani na vifua visivyo vizima. Karani aliyejaza "Muha" kwenye daftari alikuwa ameandika kabila, lakini mimi nikisoma leo naona ameandika safari.

Sukari nayo ina historia yake. Mwaka 1989 Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili walichapisha matokeo ya kupima maelfu ya watu katika vijiji sita vya Tanzania: wenye kisukari hawakufika hata mmoja katika mia. Miaka miwili baadaye Kaushik Ramaiya, akiwa na McLarty na wengine, aliandika juu ya Wahindu wa Dar es Salaam. Sukari ilikuwa nyingi kwao, lakini kilichonivutia ni kwamba ilitofautiana baina ya jumuiya na jumuiya, watu ambao mgeni angewaita wote "Wahindi" akamaliza.

Kisha Mwanza. Mwaka 2011 ulitoka utafiti uliolinganisha wagonjwa 803 wa kifua kikuu na watu 350 wasiokuwa nacho. Wenye sukari walikuwa asilimia 16.7 upande wa wagonjwa na 9.4 upande wa pili. Kwa wasio na virusi vya UKIMWI, uwezekano wa kuwa na kifua kikuu ulikuwa kama mara nne zaidi ukiwa na sukari. (Ugonjwa wenyewe pia hupandisha sukari kwa muda, kwa hiyo si rahisi kila mara kujua kipi kilitangulia.)

Tanzania iliacha kuuliza kabila kwenye sensa baada ya ile ya 1967. Rafiki yangu mmoja wa takwimu analalamika kwamba tumejinyima data. Mimi siombolezi sana. Kwa Ujiji ningetaka fomu iulize mambo mengine: babu alikwenda mkonge? Mlilala wangapi? Mlihamia lini kutoka dagaa na ugali wa muhogo kwenda soda na mandazi ya kila asubuhi?

Mjomba, yule tuliyelala naye chumba cha bibi, aligunduliwa na sukari miaka mitatu iliyopita. Hakohoi. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani haisemi mtu apimwe maambukizi yaliyolala kwa sababu tu ana sukari, na mwaka 2009 hakuna aliyekuja kutupima sisi tuliolala mle. Kwenye kadi yake ya kliniki kuna umri, uzito, vipimo vya sukari na jina la mtaa. Nimemwambia siku ya kliniki ijayo, hata asipoulizwa, amweleze daktari habari za kile chumba. Akanijibu, "Mwanangu, pale foleni ni ndefu." Nitakwenda naye.