Kaa wa kombe (ufugaji wa nyumbani)

Kaa wa kombe ni jamii ya kaa wa nchi kavu wa jenasi *Coenobita*, ambao huficha tumbo lao laini ndani ya kombe tupu la konokono. Anayeuzwa zaidi Marekani ni *Coenobita clypeatus*, kutoka visiwa vya Karibi. Jamaa zake wengine huishi pia kwenye fukwe za Afrika Mashariki.

Kaa huyu hupumua kwa matamvua, na matamvua yakikauka hufa polepole kwa kukosa hewa. Kwa hiyo kizimba cha waya hakimfai kabisa. Anahitaji tangi la kioo lenye kifuniko, unyevu wa hewa wa takriban asilimia 80 na joto la nyuzi 24 hadi 29 za Selsiasi. Awekewe bakuli mbili za maji yasiyo na klorini: moja ya maji yasiyo na chumvi, nyingine ya maji yenye chumvi ya bahari.

Hatari kubwa huja anapojivua gamba. Hujizika kwa wiki kadhaa, hata miezi, kisha hula gamba lake la zamani ili kurudisha kalsiamu mwilini. Mchanga uwe mbichi, wenye kina cha sentimita 15 au zaidi. Kumfukua kwa kudhani amekufa kunaweza kumuua.

Makombe ya akiba yawe mengi, makubwa kidogo kuliko analovaa, na yasipakwe rangi. Porini huweza kuishi zaidi ya miaka 30, ilhali wengi wanaonunuliwa hawamalizi mwaka. Kwa kuwa karibu wote hukamatwa porini, asiyeweza kuwatunza asiwanunue.