Vita huisha, sumu hubaki: Funzo la Vietnam

WAHENGA walinena kuwa fahali wawili wapiganapo ziumiazo ni nyasi. Kwa kawaida methali hii huwarejelea wanyonge wanaoponzwa na ugomvi wa wakubwa. Katika vita vya kisasa, hata hivyo, maana yake ya juujuu pia ni ya kweli: nyasi zenyewe, miti, mito na udongo hushambuliwa, na madhara yake humrudia binadamu miongo mingi baada ya bunduki kunyamaza.

Mfano ulio bayana zaidi ni Vietnam. Kati ya 1962 na 1971, ndege za kijeshi za Marekani zilinyunyiza takriban lita milioni 75 za viuamagugu, hasa katika iliyokuwa Vietnam Kusini. Operesheni hiyo iliitwa Ranch Hand. Ilikusudiwa kupukutisha majani ya misitu walimojificha wapiganaji na kuangamiza mazao yaliyowalisha. Kemikali hizo zilipewa majina kulingana na rangi ya mstari uliopakwa kwenye mapipa. Iliyotumika kuliko zote ni ile ya mstari wa rangi ya machungwa, Agent Orange.

Sumu ndani ya dawa

Agent Orange ilikuwa mchanganyiko wa viuamagugu viwili, 2,4-D na 2,4,5-T. Dawa hizi huiga homoni zinazoongoza ukuaji wa mimea yenye majani mapana. Mmea hukua ovyo kupita kiasi, ukadhoofika na kufa.

Hatari kubwa kwa binadamu, hata hivyo, ilitokana na dioksini aina ya TCDD, taka iliyojitokeza viwandani wakati wa kutengeneza 2,4,5-T. Haikukusudiwa kuwamo na haikuwa na kazi yoyote vitani. Mwaka 1997, wakala wa Shirika la Afya Duniani unaochunguza saratani uliiorodhesha TCDD miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Dioksini haiyeyuki kwa urahisi majini. Hushikamana na udongo na tope, ikaingia katika samaki na bata wanaojilisha humo, kisha ikahifadhiwa katika mafuta ya mwili wa anayewala. Inakadiriwa kuwa mwili huhitaji kati ya miaka 7 na 11 kupunguza nusu tu ya kiasi kilichomo. Mama anayenyonyesha humpitishia mwanawe sehemu ya sumu hiyo kupitia maziwa. Kwa njia hii, mtoto aliyezaliwa baada ya vita huathiriwa na uamuzi uliofanywa kabla ya wazazi wake kukutana.

Msitu ulirudi

Mikoko ndiyo iliyoumia zaidi. Zaidi ya thuluthi ya misitu ya mikoko ya Vietnam Kusini iliangamizwa. Msomaji wa Lamu au Kwale hahitaji kuelezwa maana ya hasara hiyo: mikoko ni mazalio ya samaki na kaa, ngao dhidi ya mawimbi, na chanzo cha boriti na kuni.

Katika eneo la Can Gio, karibu na jiji la Ho Chi Minh, wenyeji walianza kupanda mikoko upya mwaka 1978. Kazi hiyo ya mikono ilifaulu kiasi kwamba mwaka 2000 shirika la UNESCO liliutambua msitu huo kuwa hifadhi ya viumbe na mazingira.

Lakini jicho linaloona kijani kibichi haliwezi kuona dioksini. Katika viwanja vya ndege vya kijeshi ambako mapipa yalihifadhiwa na kumwagika, sumu ilisalia. Huko Da Nang, usafishaji ulianza 2012 na kukamilika 2018; udongo ulirundikwa na kupashwa joto la zaidi ya nyuzi 300 za selsiasi hadi dioksini ikavunjikavunjika. Huko Bien Hoa, ambako udongo wa kusafishwa unakadiriwa kufika mita za ujazo 500,000, kazi ilianza 2019. Ndege ilihitaji dakika chache kumwaga shehena yake. Kuisafisha kumechukua miaka mingi.

Nani alipe?

Mwaka 1984, kampuni zilizotengeneza kemikali hizo zilikubali kuwalipa maveterani wa Marekani dola milioni 180 pasipo kukiri kosa. Sheria ya Marekani ya 1991 iliwapunguzia maveterani mzigo wa kuthibitisha kwamba maradhi fulani yalitokana na sumu hiyo, na nyingine ya 1996 ikawatambua watoto wao waliozaliwa na kasoro ya uti wa mgongo.

Raia wa Vietnam walipowashtaki watengenezaji hao huko New York, kesi yao ilitupiliwa mbali mwaka 2005. Shirika la Msalaba Mwekundu la Vietnam hukadiria waathiriwa kuwa takriban milioni 3, idadi ambayo Marekani imeipinga. Fedha ambazo Marekani imetoa kwa usafishaji na huduma za walemavu zimetolewa kama msaada, si fidia.

Linganisha na Kuwait. Mwaka 1991, wanajeshi wa Iraq walipokuwa wakitimuliwa, waliwasha moto zaidi ya visima 600 vya mafuta. Kisima cha mwisho kilizimwa Novemba 6 mwaka huo. Umoja wa Mataifa uliilazimisha Iraq kulipa fidia ya vita ya jumla ya takriban dola bilioni 52.4, ikiwemo ya uharibifu wa mazingira, na malipo ya mwisho yalikamilika 2022. Tofauti ya kesi hizi mbili haiko katika ukubwa wa madhara. Iko katika nguvu ya mshtakiwa.

Sheria na Nairobi

Vietnam ndiyo iliyoamsha dunia. Mwaka 1970, mwanasayansi Mmarekani Arthur Galston alipendekeza uharibifu wa aina hiyo uitwe mauaji ya mazingira na upigwe marufuku. Katika mkutano wa Stockholm wa 1972, Waziri Mkuu wa Sweden, Olof Palme, aliulaani hadharani. Mkutano huohuo ndio uliozaa Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP), lenye makao makuu Nairobi.

Mwaka 1977, itifaki ya nyongeza ya Mikataba ya Geneva ilikataza mbinu za kivita zinazosababisha madhara ya mazingira yaliyoenea, ya muda mrefu na makali. Udhaifu umo katika kiunganishi: sharti sifa zote tatu zithibitishwe kwa pamoja. Mkataba wa Roma ulioiunda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ulifuata kipimo hichohicho.

Wakenya hawako mbali na suala hili. Mwaka 2002, serikali ya Uingereza ilikubali kulipa takriban pauni milioni 4.5 kwa Wamaasai na Wasamburu zaidi ya 200, baada ya wafugaji kuuawa na kujeruhiwa na mabomu yaliyosalia bila kulipuka katika maeneo ya mazoezi ya kijeshi ya Archers Post na Dol Dol. Hapo hapakuwa na vita, bali matayarisho yake tu.

Novemba 6 imetengwa na Umoja wa Mataifa tangu 2001 kuwa siku ya kuzuia matumizi mabaya ya mazingira vitani. Hotuba hazitatosha. Kinachohitajika ni udongo na maji kupimwa mara tu mapigano yanapokoma, matokeo kutangazwa kwa wenyeji, na mchafuzi kulipa hata akiwa taifa kubwa. Mkataba wa amani usiotaja visima na mashamba huwa umewaacha wakulima na wafugaji vitani.