Njia ya Appalachia na Ugomvi wa Waasisi Wake

Milima ya Appalachia, iliyoko mashariki ya Marekani, si mirefu machoni pa mtu aliyezoea kuutazama Kilimanjaro. Kilele chake kinachovipita vyote, Mount Mitchell, hakifiki hata futi 7,000. Walakini juu ya migongo ya milima hiyo hupita njia ya miguu yenye urefu wa zaidi ya maili 2,000, kutoka Georgia upande wa kusini hata Maine kaskazini, nayo hukata majimbo 14. Njia hii haikukanyagwa kwanza na misafara ya biashara wala na majeshi. Ilibuniwa kwa kalamu, kisha ikafuatwa kwa shoka. Na watu wawili walioifanyia kazi kubwa kuliko wengine hawakukubaliana ilikuwa njia ya nini.

Mwenye kalamu alikuwa Benton MacKaye, mtaalamu wa misitu aliyehitimu Harvard mwaka 1905. Mwezi wa Aprili 1921 mkewe, Jessie Hardy Stubbs, aliyekuwa mpiganiaji wa haki ya wanawake kupiga kura, alijitosa mtoni New York akafa. Rafiki zake MacKaye walimhimiza ashike kazi, na mwezi wa Oktoba mwaka ule ule makala yake ikapigwa chapa katika jarida la chama cha wasanifu wa majengo. Watu wengi huikumbuka makala hiyo kwa ajili ya njia tu. Lakini njia ilikuwa uti wa mgongo. Mwili wenyewe ulikuwa makambi ya mapumziko, makao ya jumuiya na mashamba ya ushirika, ambako mfanyakazi wa kiwandani angepumzika na hatimaye pengine kuhamia. Msomaji wa Afrika Mashariki hataacha kuona humo jambo lililokaribia ujamaa, miaka mingi kabla neno hilo halijawa maarufu kwetu.

Mwenye shoka alikuwa Myron Avery, mzaliwa wa Maine, mwanasheria wa mambo ya bahari. Yeye hakuyajali sana mashamba ya ushirika. Alitaka njia ikatwe, ipakwe alama, ipimwe. Alisukuma gurudumu la kupimia milimani, akiandika kila kona na kila chemchemi, hata ilipofika mwaka 1936 amekwisha kuitembea yote kwa vipande, akiwa mtu wa kwanza kufanya hivyo. Tarehe 14 Agosti 1937 kipande cha mwisho kilikamilishwa huko Maine. Kazi ilikuwa imefanywa kwa sehemu kubwa na watu wa kujitolea, katika siku zao za mapumziko, bila ujira.

Ugomvi ulizuka Virginia. Mwaka 1931 serikali ilianza kujenga barabara ya motokaa, Skyline Drive, juu ya mgongo ule ule ilimopita njia. MacKaye aliona kwamba nyika iliyokatwa na barabara si nyika tena, na mwaka 1935 alishiriki kuunda chama cha kuitetea, The Wilderness Society. Avery alijibu kwamba kushindana na serikali ni kuipoteza njia nzima; afadhali isogezwe kando. Waliandikiana barua kali, wala hawakupatana tena. Avery alikufa mwaka 1952, na MacKaye mwaka 1975, mwenye umri wa miaka 96.

Kwa maoni yangu Avery alikuwa na haki katika jambo la kazi: bila yeye makala ya mwaka 1921 ingebaki karatasi. Lakini neno nyika, walilogombania, lilificha mengi. Ili hifadhi ya Shenandoah ipatikane, jimbo la Virginia lilitwaa ardhi kwa nguvu ya sheria, na mamia ya jamaa wakahamishwa katika miaka ya 1930. Kusini zaidi, wengi wa Wacherokee walikuwa wamekwisha kufukuzwa katika milima hiyo mwaka 1838. Na katika hifadhi hiyo hiyo Wamarekani weusi walitengewa mahali pao peke yao, Lewis Mountain, palipofunguliwa mwaka 1939. Ubaguzi huo uliondolewa baada ya vita.

Waliokuja baadaye hawakuuliza waasisi walitaka nini. Mwaka 1948 Earl Shaffer, askari aliyerudi kutoka vita vya Pasifiki, aliimaliza njia yote kwa safari moja. Mwaka 1955 Emma Gatewood wa Ohio, bibi wa miaka 67 aliyezaa watoto 11, alifanya vivyo hivyo peke yake, amevaa viatu vya turubali na kubeba mfuko aliojishonea. Naye alisema waziwazi kwamba mahali pengi njia haikutunzwa. Sheria ya mwaka 1968 iliifanya kuwa njia ya taifa, na sheria ya 1978 ikatoa fedha nyingi zaidi za kununulia ardhi iliyo kandokando.

Mtembezi apitaye Shenandoah leo huivuka Skyline Drive mara nyingi, na mahali pengine huzisikia motokaa kabla ya kuziona. Ndani ya msitu, mbali kidogo na njia, yamo makaburi ya wale waliohamishwa.