Kalinzi na Bwasa: Habari za Kupanga Nyumba Mjini Bukavu

Mtu akitafuta nyumba ya kupanga mjini Bukavu, jambo la kwanza aulizalo si ukubwa wa vyumba, wala kama maji yafika. Auliza: «Garanti ni miezi mingapi?» Kwa maana kabla ya kulala hata usiku mmoja katika nyumba ile, yampasa kuweka mkononi mwa mwenyewe kodi ya miezi mitatu, au sita, na pengine zaidi, yote kwa mara moja. Tena kuna komisioneri aliyemwonyesha mlango, naye adai haki yake. Kodi huhesabiwa kwa dola za Marekani, ingawa muuza ndizi wa soko la Kadutu hupokea faranga. Siku faranga ikishuka, kodi imekwisha kupanda, hata kama mwenye nyumba hakufungua kinywa.

Wasomaji wetu wayajua hayo kuliko sisi. Wengi wao hulipa, na wengine hulipwa. Lakini si wengi wajuao yalikotoka. Twataka kuyasimulia kwa kufuata miaka, kwa sababu twaona kwamba shida ya kodi katika mji huu ni ya zamani kuliko nyumba zake.

Tuanze na mashamba ya Bushi, kabla mji haujakuwapo. Husemwa kwamba hata jina la Bukavu latoka katika neno la Mashi la ng'ombe, maana hapa palikuwa malisho. Nchi ilikuwa ya mwami, na watu waliipata kwake au kwa wakubwa waliokuwa chini yake. Njia mbili zilijulikana sana. Ya kwanza yaitwa kalinzi. Mtu alitoa ng'ombe, mmoja au zaidi, akapewa shamba lake, naye akakaa humo na watoto wake na wajukuu. Alikuwa bado na wajibu kwa mkubwa wake, lakini hakuna aliyemwambia mwakani hama. Njia ya pili yaitwa bwasa. Asiye na ng'ombe aliomba sehemu ya kulima kwa msimu, akalipa kwa pombe, au kwa siku za kazi, au kwa sehemu ya mavuno. Aliruhusiwa kupanda maharagwe na viazi. Mgomba hakuruhusiwa. Sababu yake ni rahisi: maharagwe huvunwa yakaisha, lakini mgomba huzaa machipukizi, na mtu mwenye migomba hawezi kuondolewa upesi. Katika nchi isiyo na karatasi, mgomba ulikuwa ndiyo hati.

Basi msomaji ashike maneno haya mawili, kalinzi na bwasa, kwa kuwa tutayahitaji.

Wabelgiji waliweka kituo chao kando ya ziwa mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1927 mji ukapewa jina la Costermansville, jina la ofisa wao mmoja, nao ukaitwa hivyo mpaka miaka ya 1950, uliporudishiwa jina la Bukavu. Mwaka 1928 kiliundwa chombo kilichoitwa Comité National du Kivu, ambacho kazi yake ilikuwa kugawa ardhi kwa walowezi. Wazungu walijenga katika zile rasi tano ziingiazo ziwani, mahali penye upepo mzuri na maua mengi. Waafrika wakapangiwa upande wa mlimani, Kadutu, katika mtaa uliotawaliwa kwa sheria zake yenyewe, nje ya mji wa Wazungu na nje ya mamlaka ya machifu. Usiku haikuwa ruhusa Mwafrika kutembea katika mitaa ya Wazungu bila barua. Wapishi na watumishi walilala nyuma ya nyumba za mabwana zao, katika vijumba vilivyoitwa boyeri.

Mtu aliishi mjini kwa sababu ya kazi. Kazi ikiisha, haki ya kukaa nayo ilikuwa mashakani. Twaweza kusema kwamba mji mzima kwa Mwafrika ulikuwa shamba la bwasa: apande maharagwe, avune, aende zake.

Baada ya vita vikuu vya pili watu walizidi kuja, na vibanda vya Kadutu vikasongamana. Serikali ya kikoloni iliona hatari, maana ugonjwa na moto havichagui rangi ya mtu. Mwaka 1952 ikaanzisha ofisi iliyoitwa Office des Cités Africaines, yenye kazi ya kujenga mitaa ya Waafrika katika miji mikubwa ya Kongo na ya Ruanda-Urundi. Kwetu Bukavu ofisi hiyo ilijenga Bagira. Wazee wakumbuka jinsi kilima kilivyokatwa barabara, nyumba za kudumu zikapangwa kwa safu, sehemu A, B, C na kuendelea, pamoja na shule na soko.

Hatutaki kuisifu Bagira kupita kiasi. Ilijengwa mbali na mji, na watu wajua kwa nini iliwekwa mbali. Mfanyakazi alitembea mwendo mrefu asubuhi na jioni. Tena asiye na mshahara wa kila mwezi hakuwa na nafasi kubwa ya kuingia humo. Lakini katika hesabu yake kulikuwa na jambo moja ambalo leo limesahauliwa. Nyumba nyingi za ofisi ile hazikukusudiwa kupangishwa milele. Mtu aliweza kulipa kidogo kidogo, mwezi kwa mwezi, na kila alicholipa kilihesabiwa katika bei ya nyumba. Siku ilifika hesabu ikaisha, naye akawa mwenyewe. Kodi ya namna hii ina mwisho. Kwa maneno ya Bushi ni kalinzi, ila ng'ombe amekatwa vipande akalipwa kwa miaka mingi.

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960. Miaka iliyofuata haikuwa ya kujenga. Mwaka 1967 askari mamluki wa Jean Schramme waliushika mji kuanzia Agosti hadi mapema Novemba. Wenyeji wakakimbia, maduka na nyumba vikaporwa. Wazungu wengi waliokuwa wamebaki waliondoka, na nyumba zao za rasini zikapata wenyewe wapya, hasa watu wa vyeo na wafanya biashara. Halafu ikaja sheria ya tarehe 20 Julai 1973, iliyotangaza kwamba ardhi yote ni mali ya Serikali. Kwa mtu mdogo maana yake ilikuwa kwamba karatasi imeshinda mgomba. Aliyejua njia ya ofisini alipata karatasi. Asiyeijua alibaki katika kiwanja cha babake kama mgeni.

Na tangu hapo hatukuona tena Bagira nyingine. Mji ulikua, lakini ulikua kila mtu kivyake.

Kisha ukaja mwaka 1994. Mwezi wa Julai mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walivuka mto Ruzizi, wakalala barabarani, katika viwanja vya shule na vya makanisa. Nyuma yao yakaja mashirika ya misaada kutoka nchi za mbali, yakitafuta ofisi na nyumba za watumishi wao, yakilipa kwa dola. Hatuwalaumu waliokuja kusaidia. Lakini soko halijui nia ya mtu. Mwenye nyumba aliyeonja kodi ya dola hakupenda tena kurudi kwenye kodi ya mwalimu. Vita vya 1996 vilifuata, ambavyo ndani yake Askofu Mkuu wetu Christophe Munzihirwa aliuawa tarehe 29 Oktoba. Vita vya 1998 vikafuata. Watu wa Walungu, Kabare, Kalehe na Shabunda wakaona heri kuacha mashamba yao na kuja mjini, kwa maana huko usiku hawakulala. Walioacha ndizi na ng'ombe wakawa wapangaji wa chumba kimoja.

Wakati huohuo fedha za dhahabu na za koltani, ambayo bei yake ilipanda sana mwaka 2000, zilitafuta mahali pa kutua. Zilitua katika ghorofa. Kando ya ziwa, Nguba na Muhumba, nyumba za zamani zenye bustani zilibomolewa au zikazungushiwa kuta ndefu. Msomaji aweza kusema: Ghorofa ya tajiri yanidhuru nini mimi? Yadhuru hivi. Ofisa aliyekuwa rasini hushindwa kodi, akapanda Nyawera. Aliyekuwa Nyawera huenda Panzi au Essence. Aliyekuwa huko hupanda Kadutu, na aliyekuwa Kadutu hutafuta mahali palipobaki, yaani mteremko. Mji wetu umebanwa na ziwa upande mmoja, na mpaka wa Rwanda upande mwingine, na milima nyuma yake. Sensa ya mwisho ya nchi ni ya mwaka 1984, lakini wakadiriaji husema watu wa Bukavu wamepita milioni moja. Wote hao wagombea vilima vilevile.

Ndiyo maana nyumba za mbao zimeshikana bega kwa bega mpaka pale ambapo ardhi haitaki kujengwa. Huko Funu udongo wenyewe hutembea polepole, kuta zikapasuka, mwenyewe akaziba ufa, ufa ukarudi. Mvua kubwa hubeba nyumba na waliomo. Moto wa Kadutu ukianza katika chumba kimoja huenda safu nzima, kwa kuwa hakuna nafasi ya kupita hata mtu mwenye bidoni la maji. Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008 tetemeko lilitikisa mji wote, na kila mtu aliona kuta za nani zilikuwa na saruji na za nani hazikuwa nayo. Hata hivyo vyumba hivyo navyo vina kodi, na vina garanti.

Sheria ipo. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 yasema kwamba garanti ya nyumba ya kuishi isipite kodi ya miezi mitatu. Ni wangapi wameisikia? Na aliyeisikia, je, ataipeleka kwa nani? Mpangaji aendaye kushtaki arudi jioni katika nyumba ya aliyemshtaki.

Hapa yatupasa kuwa waadilifu kwa pande zote. Si wenye nyumba wote walio matajiri. Katika mashirika yetu ya kikristo tunao wajane walioachiwa vyumba viwili nyuma ya nyumba yao, na vyumba hivyo ndivyo pensheni yao. Mjane huyo akitaka miezi sita kwa mara moja, mara nyingi ni kwa sababu mabati yamevuja, au mtoto amefukuzwa shule kwa ajili ya ada. Hana benki ya kumkopesha, basi mpangaji ndiye benki yake. Fedha ikishaliwa, siku mpangaji atakapotaka kuondoka na kudai garanti yake, hakuna cha kurudisha. Ugomvi huanzia hapo, na padri huitwa kusuluhisha watu wawili ambao wote wawili hawana kitu.

Kanisa halikunyamaza juu ya jambo hili. Mwaka 1987, Tume ya Kipapa ya Haki na Amani ilitoa waraka mzima juu ya Kanisa na shida ya nyumba, uliowauliza Wakristo wamemfanyia nini ndugu yao asiye na makao. Baba Mtakatifu Fransisko, alipokutana na vyama vya watu wadogo mwezi wa Oktoba 2014, aliitaja nyumba pamoja na ardhi na kazi kuwa ni haki takatifu. Maneno hayo husomwa Roma, na kodi hudaiwa Nyamugo. Katikati yake kuna safari ndefu.

Tumeona watu wakijaribu kuifupisha. Wengine huingia likelemba: kumi hutoa fungu sawa kila mwezi, na mmoja hupokea lote, naye huliweka kuwa garanti au akanunua mabati. Wengine huandika mkataba mbele ya mashahidi wa shirika lao, wakipatana kwamba garanti itatolewa kwa mafungu. Au mpangaji hutengeneza paa na kuvuta maji, na gharama yake ikakatwa katika kodi. Mkataba wa namna hii twaupenda, kwa sababu jasho la mpangaji halipotei lote. Wengine huungana wawili watatu, wakanunua kiwanja pembeni mwa mji, wakajenga chumba kimoja kwa mwaka, wakahamia kabla ya kutia madirisha. Majirani huwacheka. Wao husema afadhali baridi kuliko kodi.

Majaribu hayo ni dhaifu, nasi twajua. Waasi wa M23 walipouingia mji mwezi wa Februari 2025, benki zilifunga milango, na wenye mshahara walikuwa sawa na wasio nao. Katika siku zile wako wenye nyumba waliosema, «Kaa, mama, tutahesabu baadaye.» Wako pia waliotoa magodoro ya watu nje. Wote walikutana katika Misa ileile.

Nyumba za kwanza za Bagira bado zipo. Nyingi zingali mikononi mwa watoto na wajukuu wa wale waliozilipa mwezi kwa mwezi mpaka hesabu ikaisha. Nyuma ya nyumba hizo, mahali palipoachwa kwa ajili ya mboga na migomba, vimejengwa vyumba vya kupangisha. Mtu akiuliza chumba kimoja cha namna hiyo, huambiwa garanti ni miezi sita, na kwamba uani haruhusiwi kupanda kitu.