Mwathethe, Samson Jefwa (Jenerali Mstaafu)

Jenerali mstaafu Samson Jefwa Mwathethe, mzaliwa wa Pwani, alikuwa Mkuu wa Majeshi ya Kenya kuanzia 2015 hadi 2020. Alijiunga na jeshi 1978 akapangiwa Jeshi la Wanamaji, lenye makao yake Mtongwe, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Cheo cha jenerali kisimpoteze msomaji: wanamaji wa Kenya hutumia vyeo vya jeshi la nchi kavu, kwa hiyo hata aliyelelewa melini huishia kuwa jenerali. Umuhimu wake katika historia uko kwenye bahari kuliko kwenye ofisi aliyoishika Nairobi. Tangu Wareno waanze kujenga Ngome ya Yesu 1593, aliyeutaka Mji wa Kale alijua kwamba ufunguo wake ni maji. Dola iliyozaliwa 1963 ilikabiliwa mara moja na Vita vya Shifta huko kaskazini, ikazoea kuitazama nchi kavu. Kikosi cha wanamaji, kilichoundwa 12 Desemba 1964, kikabaki mdogo wa ndugu zake.

Wapo watakaosema kwamba uteuzi wake ulikuwa zamu tu, kwa kuwa wadhifa huo huzungushwa kati ya vikosi, na kwamba Jenerali Joseph Kibwana, naye mwanamaji, alikwisha kuushika 2000 hadi 2005. Ni kweli, lakini zamu hueleza kwa nini kiti kilifika kwa wanamaji, haielezi aliyekikalia alikuja na nini. Mwathethe, aliyekwisha kuwa Kamanda wa Jeshi la Wanamaji, alikuwa Naibu Mkuu wa Majeshi Septemba 2012, wakati askari wa Kenya walipoteremshwa ufukweni karibu na Kismayu na Al-Shabaab wakauhama mji huo. Kabla ya hapo vita vya Somalia vilikuwa vya barabara na matope. Operesheni hiyo ilithibitisha kwamba kikosi cha Mtongwe kinaweza kuamua vita, si kufanya doria peke yake.

Pingamizi zito zaidi linahusu kazi yake ya kiraia. Akiwa bado amevaa magwanda aliongoza kamati ya serikali ya kutekeleza uchumi samawati, na katika kipindi hicho, Novemba 2018, Walinzi wa Pwani wa Kenya walizinduliwa Liwatoni, kisiwani Mombasa. Wanaohofia askari kupewa mambo ya uvuvi na bandari wana hoja ya haki: afisa hajibu maswali ya mvuvi kama anavyopaswa kujibu mtumishi wa umma, na ufanisi wa amri hauwezi kuwa badala ya uwajibikaji. Hata hivyo, Walinzi wa Pwani waliundwa kwa sheria, nje ya jeshi, na hapo ndipo kazi ya ulinzi wa samaki na fukwe inapostahili kukaa. Mei 2020 alistaafu, na nafasi yake ikachukuliwa na Jenerali Robert Kibochi wa jeshi la nchi kavu.