Mtoto Mbele ya Hakimu

Wazee wetu walinena: samaki mkunje angali mbichi. Hapana asiyekubali maneno hayo. Lakini ni mkono gani umkunjao, na kwa nguvu kiasi gani, ili asivunjike? Swali hilo nchi yetu ya Kenya imelitafutia jibu kwa miaka zaidi ya 100. Basi, msomaji, na tumtwae mvulana wa kubuni, mwenye umri wa miaka 13, aliyekamatwa sokoni Nairobi na viatu asivyovilipia, tuone angalitendewa nini katika kila zama.

Kama angalikamatwa katika miaka ya 1930, yamkini mahakama ingaliamuru achapwe viboko. Au angalipelekwa Kabete, ambako serikali ya kikoloni iliweka chuo cha kuwarekebisha wavulana tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Huko angalifundishwa kazi za mikono na kutii amri. Wala haikuwa lazima awe ameiba kitu. Sheria za uzururaji ziliweza kumfanya mkosaji mtu aliyekutwa mjini hana kazi wala makao, na watoto nao walikamatwa na kurudishwa mashambani. Angalia jinsi umaskini wenyewe ulivyofanywa kosa! Sheria ya uzururaji haikufutwa hata mwaka 1997.

Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, vijana wengi walitiwa kizuizini bila ya kuhukumiwa, wakawekwa pamoja na watu wazima katika kambi kama Manyani. Mwaka 1955 wavulana walianza kuhamishiwa kambi ya Wamumu, huko Mwea, wakafundishwa masomo na ufundi. Nia ya watawala ilikuwa kuwafanya watiifu kwa serikali ya kikoloni, na jambo hilo tusilisahau. Miongoni mwa maofisa wa Wamumu alikuwa Geoffrey Griffin. Mwaka 1959 yeye, pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, alianzisha kituo cha Starehe mjini Nairobi, ili wavulana wasio na makao wapate pa kulala na pa kusoma. Hao hawakungoja mtoto afikishwe mahakamani, walimwahi njiani.

Je, uhuru ulipopatikana mwaka 1963, mambo yaligeuka mara moja? La. Mwaka huo huo ilitungwa sheria ya vyuo vya Borstal, kwa vijana wakosaji wenye umri wa miaka 15 hata 17, navyo vikawekwa Shimo la Tewa na Shikusa. Jina lenyewe ni la kijiji cha Uingereza. Waingereza walivifuta vyuo vyao vya jina hilo mwaka 1982, lakini sisi tuliendelea navyo. Viboko vya mahakama navyo havikuondolewa katika sheria mpaka mwaka 2003.

Hata hivyo, mabadiliko yalikuwa yameanza. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 ilikataza mtoto asifungwe gerezani. Katiba ya mwaka 2010 ikasema kuwa mtoto asizuiliwe ila njia nyingine zote zikishindikana, tena kwa muda mfupi kabisa ufaao, na mbali na watu wazima. Kwa miaka mingi mtoto wa miaka 8 aliweza kushtakiwa kwa jinai. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ikapandisha umri huo hadi miaka 12. Naye aliye chini ya miaka 14 huhesabiwa kuwa hajui kupambanua jema na baya, mpaka mahakama ithibitishiwe vingine.

Kwa hiyo mvulana wetu, akikamatwa leo, aweza asihukumiwe kabisa. Akikiri kosa kwa hiari yake, sheria yaruhusu aombe radhi, arudishe viatu au afidie hasara, akiwa na wazazi wake karibu. Wengine husema huko ni kumdekeza. Mimi naona sivyo. Kuvumilia viboko ni kazi ya ngozi. Kumtazama machoni mtu uliyemwibia ni kazi ya moyo.

Lakini sheria iliyoandikwa vizuri haijitekelezi. Kelele ya “Mwizi!” ipigwapo sokoni, mahakama ya kwanza ya mtoto si ile yenye hakimu, bali ni umati unaomzunguka, na mara nyingi umati huo una mawe mikononi. Wewe, msomaji, huenda siku moja ukawa mmoja wao. Yote yaliyopatikana kwa miaka mia yaweza kupotea kwa dakika chache, au kuokolewa na mtu mmoja asemaye: “Mwacheni, huyu ni mtoto; mpelekeni panapostahili.” Je, wewe utakuwa mtu huyo?