Mnyoo wa 1988: mtoto aliyemshinda mzazi

Leo tuweke msimbo kando kidogo, niwasimulie kisa cha zamani ambacho kila mwandishi wa programu anafaa kukijua.

Jioni ya tarehe 2 Novemba 1988, Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa miaka 22 wa chuo kikuu cha Cornell, Marekani, aliachilia programu ndogo mtandaoni kupitia kompyuta ya MIT. Ilikuwa mnyoo. Kirusi husubiri kubebwa na faili, lakini mnyoo hujinakili na kusafiri wenyewe.

Haukufuta faili wala kuiba chochote. Uliingia kupitia kasoro za programu kama sendmail, na kwa kubahatisha nywila dhaifu. Ukifika kwenye kompyuta, uliuliza kama mwenzake yumo ndani. Akiwemo, mmoja wao ajizime. Lakini Morris alihofia wasimamizi wangeudanganya kwa jibu la "ndiyo". Kwa hivyo akaamuru kwamba mara 1 kati ya 7, nakala iendelee kuishi hata ikijibiwa hivyo.

Hiyo 1 kwa 7 ilikuwa nyingi mno. Nakala zilirundikana hadi kompyuta zikalemewa. Makadirio ya wakati huo yalisema takriban kompyuta 6,000 ziliambukizwa, kati ya kama 60,000 zilizokuwa kwenye intaneti nzima.

Hapa ndipo panaponichoma. Usiku uleule, rafiki wa Morris aliyekuwa Harvard alituma ujumbe usio na jina, wenye kuomba radhi na kueleza jinsi ya kuuzuia mnyoo. Haukuwafikia watu kwa wakati. Mtandao ulikuwa umelemewa, na mashine nyingine zilikuwa zimechomolewa ili zijikinge. Dawa ilipitia njia ileile iliyozibwa na ugonjwa.

Mwaka 1990 alipatikana na hatia. Alipewa miaka 3 ya uangalizi, saa 400 za kuhudumia jamii na faini ya dola 10,050. Kusema hakukusudia madhara hakukumwokoa. Baadaye alikuja kuwa profesa, MIT kwenyewe.

Mbona namsimulia? Kwa sababu nami niliwahi kuandika programu ya kuwakumbusha wateja madeni yao kwa SMS. Nilikosea mzunguko mmoja tu, nikaenda kulala. Asubuhi mzee mmoja akanipigia simu. Alikuwa amepokea ujumbe uleule mara 41. "Kijana," akaniambia, "deni nalijua. Usingizi nao nakudai nani?"

Sikuwa na la kumjibu. Mimi pia sikukusudia. Lakini nilikuwa nimekipa kitu miguu bila kukiwekea kamba.

Siku hizi naandika swichi ya kuzima kwanza, kisha naijaribu nikiwa macho.

Na wewe je, programu yako ya mwisho, ikikutoroka usiku wa leo utaikamatia wapi?